Kisa cha Msalaba wa Chuma uliosemekana umetoka Mahiwa

Alikuja karakanani kwangu Altona Jumanne moja ya mvua, kopo la biskuti amelificha ndani ya koti, akasema "Shikamoo, fundi" kabla hata hajafunga mlango. Hapa Hamburg salamu hiyo siisikii kila siku, kwa hiyo niliiweka chini pete niliyokuwa naisugua nikampa kiti.

Ni mtu wa Mtwara, ameolewa na Mjerumani, wanaishi Bergedorf. Kopo ni la mama mkwe wake, bibi mwenye miaka themanini na kitu ambaye sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Lilipohamishwa pamoja na vyombo vyake, watoto wakaanza kuulizana nani achukue nini. Ndani yake mlikuwa na vitu vinne: Msalaba wa Chuma wa daraja la kwanza wenye mwaka 1914, kipande cha utepe mweusi na mweupe chenye urefu wa kidole, hati moja iliyokunjwa mara nne, na picha ya mwanamume aliyevaa suti.

"Mimi sijaja kuuza," akaniambia. "Anayetaka kuuza ni shemeji yangu. Mimi nataka kujua kama kitu hiki kweli kimefika kwetu. Mahiwa naipita kila nikienda Masasi."

Habari ya ukoo ilikuwa hivi. Baba yake mama mkwe alitumikia Schutztruppe, jeshi la ukoloni la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Inasimuliwa kwamba alivishwa msalaba huu porini baada ya vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, akarudi nao nyumbani na kuuvaa hadi kufa. Shemeji alikwisha kumtumia picha mnunuzi mmoja wa vitu vya kijeshi, akajibiwa kwamba msalaba mtupu bei yake ni ya kawaida, lakini ukija na barua ya fundi inayosema "umetunukiwa Afrika Mashariki, 1917", bei inapanda mara kadhaa. Fundi aliyetarajiwa kuiandika barua hiyo ni mimi.

Mimi ni sonara. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Kariakoo, historia nimejifunza ukubwani, na nishani zilinijia kidogo kidogo kwa sababu watu walikuwa wakileta pini zilizokatika. Kwa hiyo kitu chochote nakianzia kwenye chuma na lehemu, halafu ndipo nasikiliza hadithi. Hadithi ya kwanza ukiipokea mikono miwili, macho hayaoni tena.

Kuna swali ambalo kila mtu huliuliza, na dada naye aliliuliza: ni halisi au feki? Kwa nishani za Kijerumani swali hilo halitoshi. Kuna kipande alichokabidhiwa mtu na serikali siku ya kutunukiwa. Kuna kipande ambacho mtu huyohuyo, mwenye haki kamili, alikinunua dukani baadaye kwa sababu cha kwanza kilipotea, au kiliungua, au alitaka kuacha cha kwanza kabatini na kuvaa kingine. Wajerumani hukiita Zweitstück, yaani kipande cha pili. Halafu kuna kilichotengenezwa miaka mingi baadaye kwa ajili ya wakusanyaji, kikiuzwa waziwazi kama nakala. Mwisho ndiyo ghushi yenyewe, iliyofanywa ili kudanganya. Vyote vinne vinaweza kutoka kwenye kalibu inayofanana. Kwa hiyo mimi huuliza kilitengenezwa lini, na nani, na kwa ajili ya nani.

Msalaba wenyewe kwanza. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia aliuanzisha tarehe 10 Machi 1813, wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na aliyeuchora ni Schinkel, msanifu majengo. Uliwekwa chuma kwa makusudi. Nchi ilikuwa imefilisika, wanawake wakitoa dhahabu zao kwa ajili ya vita na kupewa mapambo ya chuma yaliyoandikwa "Dhahabu nilitoa, chuma nikapata". (Kama sonara, sentensi hiyo hunichoma kila nikiikumbuka.) Ukafufuliwa 1870, ukafufuliwa tena Agosti 1914, na mara ya mwisho Septemba 1939, na kila mara mwaka mpya ukawekwa mkono wa chini. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: 1914 iliyoandikwa pale ni mwaka wa kufufuliwa kwa nishani. Haisemi msalaba umetengenezwa lini, wala mtu ametunukiwa lini. Aliyetunukiwa 1918 ana 1914 kifuani, na aliyenunua kipande cha pili 1944 naye ana 1914.

Umbo lake ni rahisi. Kiini ni bamba la chuma lililogongwa kwa chapa, juu pana taji, katikati herufi W ya Kaisari Wilhelm wa Pili, chini mwaka, vyote vimepakwa rangi nyeusi. Kiini hicho hukaa ndani ya fremu ya fedha yenye ukingo wa vishanga vidogo. Daraja la pili huning'inia kwenye utepe. Daraja la kwanza halina utepe, nyuma yake ni bapa, hubanwa kifuani upande wa kushoto kwa pini au kwa skrubu. Na hakuna aliyepata la kwanza bila kuwa na la pili. Kwa hiyo kile kipande cha utepe koponi kilikuwa masalia ya msalaba wa daraja la pili ambao haumo. Mwenye kopo aliwahi kupoteza kitu. Nililiweka hilo akilini.

Nikaanza na sumaku. Ninayo ndogo, nimeifunga kwenye uzi, naishusha polepole. Ilivutwa na kiini mara moja, na nilipoisogeza kwenye ukingo ikalegea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: kiini cha chuma, fremu isiyo ya chuma. Nakala nyingi za bei rahisi husubiwa, yaani huyeyushwa na kumiminwa kalibuni, kwa zinki kitu kimoja, sumaku haizitazami. Kwa hiyo tulikwisha kuwaondoa waongo wa daraja la chini, lakini hatukuwa tumesogea mbali.

Baada ya sumaku, lenzi. Kitu kilichogongwa na kitu kilichosubiwa havifanani hata kidogo ukivizoea. Chuma kilichogongwa kwa chapa kina kona kali, na sakafu kati ya herufi ni laini kama kioo cha maji. Kilichosubiwa kutoka kwenye kalibu iliyochukuliwa juu ya msalaba mwingine kina vishimo kama vya chapati, kona zimezeeka kabla ya wakati, na kipimo kimepungua kidogo kwa sababu madini hunywea yakipoa. Huu ulikuwa umegongwa. Lulu za taji zilihesabika moja moja.

Kisha nikachukua kalipa, kile kipimio cha taya mbili. Misalaba ya daraja la kwanza ya Vita Vikuu vya Kwanza hucheza karibu na milimita 42 kutoka ncha hadi ncha. Ile ya 1939 ilikuzwa hadi karibu 44. Nilipima huu mlalo, nikapima wima, nikapima tena dada akishika taa. Milimita 43.8.

Nilikaa kimya kidogo. Dada akasema, "Fundi, mbona unanitisha."

Kipimo peke yake hakihukumu mtu. Wakati wa vita ile ya kwanza maafisa wengi walinunua misalaba yao kwa masonara wa mjini, na masonara, nawajua, kila mmoja alikuwa na saizi yake. Lakini fremu hii nilikwisha kuiona. Unene wa ukingo, upana wa vishanga, namna mikono inavyofunguka kuelekea nje: hiyo ni fremu ya 1939 iliyovishwa kiini cha 1914. Mtu aliyekuwa na shehena ya fremu mpya alipata oda ya msalaba wa zamani, akachukua chapa ya kiini cha zamani, akaviunganisha. Nikaugeuza. Nyuma, chini ya bawaba ya pini, katikati ya uchafu ambao kijiti cha meno tu ndicho kingeweza kuutoa, palikuwa na chapa ndogo sana: L/16.

Maana ya alama hiyo ndiyo iliyobeba kesi nzima. Wakati wa utawala wa Hitler kulikuwa na njia mbili za nishani kumfikia mtu. Njia ya kwanza ni serikali: Ofisi ya Rais, Präsidialkanzlei, iliagiza kwa viwanda na kuvipa namba, na nishani iliyotolewa kwa njia hiyo ikiwa na alama hubeba namba peke yake, 1, 4, 20, 65 na kadhalika. Njia ya pili ni duka. Viwanda vilivyoruhusiwa kuuza kwa watu binafsi vilikuwa chini ya umoja wa watengenezaji nishani, kifupi chake LDO, na tangu 1941 bidhaa zao za dukani zilipigwa alama ya L, mkwaju, na namba. Kiwanda cha Steinhauer & Lück cha Lüdenscheid kilikuwa namba 4 kwa serikali, na L/16 kwa duka. Kwa hiyo alama hii inasema mambo mawili kwa pumzi moja: haijagongwa kabla ya 1941, na msalaba huu haukukabidhiwa mtu na serikali. Umenunuliwa.

Mahiwa ikaanguka hapo. Nilimweleza dada taratibu, maana nilimwona usoni.

Hata bila alama, hadithi ya kuvishwa porini ilikuwa na tatizo la meli. Koloni lilikuwa limezingirwa na manowari za Waingereza. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Meli ya mwisho ya Ujerumani kuleta shehena ilikuwa Marie, iliyoingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kwa hewa: ndege-puto L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikafika hadi juu ya Sudan, ikarudishwa kwa redio, ikatua ilikotoka baada ya saa 95 angani. Mahiwa ilipiganwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, dhidi ya jeshi la Waingereza chini ya Beves, Wanaijeria na KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Waingereza) wakiwa mbele, na Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,000. Katika jeshi ambalo mwaka mmoja nyuma lilikuwa likigonga sarafu zake lenyewe Tabora kwa kukosa fedha kutoka kwao, si rahisi kuamini kwamba mtu alikuwa na sanduku la misalaba tayari. Babu anaweza kweli kuwa alitunukiwa kwa ajili ya Mahiwa. Lakini kipande chenyewe, hata kile cha kwanza, ni rahisi zaidi kuamini alikipata baada ya kurudi Ujerumani. Hati za kutunuku misalaba ya vita ile ziliendelea kutolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na kutafuta jina lake kwenye majalada ya jeshi la Prussia ni kazi bure: hifadhi ya nyaraka za jeshi Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945.

"Basi ni feki," dada akasema.

Sivyo. Na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonichukua siku tatu, kwa sababu L/16 inafunga mlango wa 1917 lakini inaacha mwingine wazi. Chapa ni kipande cha chuma tu, na mwenye nacho anaweza kuigonga mwaka wowote. Steinhauer & Lück hawakufa na vita. Novemba 1945 mataifa yaliyoshinda yalipiga marufuku kuvaa nishani za kijeshi, na marufuku hiyo ikakaa hadi Ujerumani Magharibi ilipotunga sheria ya tarehe 26 Julai 1957. Sheria ile iliwaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao, ila bila alama ya Kinazi, ile swastika, ndiyo sababu Msalaba wa Chuma wa 1939 ulitengenezwa upya ukiwa na majani ya mwaloni katikati. Hapo viwanda vya Lüdenscheid vikawasha mashine tena.

Sasa angalia tofauti. Msalaba wa 1939 ukiletwa kwangu, suala la kabla au baada ya 1957 mara nyingi naliamua kwa jicho moja: una alama ya Kinazi au una majani? Msalaba wa 1914 haukuwahi kuwa na alama ya Kinazi. Sheria haikuwa na cha kubadilisha. Kilichotengenezwa 1943 na kilichotengenezwa 1963 vinaweza kuwa na sura ileile, na mteja anayedhani 1914 ni salama zaidi kwa sababu ni ya zamani zaidi ndiye anayeliwa.

Nikaujaribu utepe chini ya taa ya urujuanimno. Nyuzi na sabuni za kisasa zina dawa ya kung'arisha weupe, na chini ya taa hiyo huwaka bluu kama meno disko. Utepe wa zamani hubaki umefifia. Huu uliwaka. Nikamtazama dada, dada akatazama chini.

"Niliufua mimi," akasema. "Krismasi. Ulikuwa unanuka uvundo."

Ushahidi ukaishia hapo, kwenye sabuni ya unga. Nawaomba wenye makopo ya namna hii: msifue, msisugue, msipake mafuta. Uvundo nao ni shahidi.

Ile hati ilikuwa na adabu zaidi. Ni hati ya kumiliki Msalaba wa Heshima wa Vita Vikuu, nishani iliyoanzishwa na Rais Hindenburg wa Ujerumani tarehe 13 Julai 1934 kwa wote waliopigana vita vya kwanza, na iliyotolewa kwa mamilioni. Juu yake kwa mashine ya chapa paliandikwa Zweitschrift, nakala ya pili, na tarehe ni ya Novemba 1943. Hati ya kwanza ilikwenda wapi? Dada akakumbuka habari ambayo hakudhani ina uhusiano wowote na msalaba: mama mkwe alizaliwa Hammerbrook, mtaa wa hapahapa Hamburg. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Julai 1943 Hammerbrook iliwaka yote katika dhoruba ya moto, na watu zaidi ya 30,000 walikufa Hamburg katika mashambulizi ya wiki ile. Familia ilitoka na nguo za mwilini, ikaenda kwa shangazi Lauenburg. Vuli ya mwaka huohuo baba yuko ofisini anaomba nakala za karatasi zilizoungua. Muuza nishani mwenye leseni ya LDO alitakiwa kuoneshwa uthibitisho wa haki kabla ya kuuza. Mtu aliyekuwa akikusanya upya karatasi zake za heshima, moja baada ya nyingine, ndiye hasa mteja wa L/16.

Nisimame kidogo kwenye nishani hiyo ya 1934, kwa sababu dada aliniuliza swali zuri: na askari wetu, walipewa? Yupo mmoja ambaye jibu lake limeandikwa. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari, akaingia jeshini angali mtoto, akajeruhiwa Mahiwa hiyohiyo na kushikwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akawa mhudumu wa mkahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza filamu. Mwaka 1934 aliomba Msalaba wa Heshima kama mpiganaji yeyote wa mstari wa mbele. Akakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Kwa hiyo tulikuwa na Mjerumani aliyepewa karatasi yake mara mbili, na mtu wa Dar aliyekuwa uwanja uleule wa vita ambaye hakupewa hata mara moja. Dada alinyamaza, akaomba maji.

Nirudi kwenye chuma. Kilichonisaidia kuufunga mlango wa 1957 ni kutu. Msalaba ulikuwa na kutu upande mmoja tu: mkono wa kushoto na nusu ya mkono wa chini, mbele. Haikuwa juu ya rangi. Ilikuwa imeanzia kwenye mshono, pale kiini kinapoingia chini ya fremu, ikainyanyua rangi nyeusi kutoka chini kama ukurutu. Kutu ya kubuniwa, ya kupakwa siki au chumvi, huanza juu na hushambulia sehemu zilizoinuka. Hii ilikuwa ya unyevu uliokaa miezi mingi mahali pamoja, msalaba umelala kifudifudi, umeinama upande mmoja.

Nikamwaga vitu vyote, nikaliangalia kopo. Kwenye sakafu yake, pembeni, palikuwa na doa la kutu lenye umbo: mkono mmoja mzima unaofunguka, na kipande cha mwingine. Niliuweka msalaba juu yake kifudifudi. Ulikaa kama mguu kwenye kiatu chake.

"Lilifukiwa," dada akasema. "Mama husema walilifukia chini ya mti wa tufaha Waingereza walipokaribia. Yeye ndiye aliyeshika taa."

Waingereza waliingia Hamburg tarehe 3 Mei 1945. Binti wa miaka minane anayemshikia baba yake taa usiku hasahau. Ushahidi wa mzee peke yake nisingeutegemea, na kutu peke yake nisingeitegemea, lakini hapa kutu ilikuwa na umbo la maneno yake. Nikaongeza na yale ninayoyajua kwa mkono: rangi ya kiini ni ya kufifia, haina mng'ao wa ile niliyoizoea kwenye misalaba ya baada ya 1957, fremu haikuwa fedha kamili, bali ile aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo Wajerumani huiita Neusilber, "fedha mpya", ingawa haina hata chembe ya fedha, imepakwa fedha juu, na upako umelika hasa pale kidole gumba kinapobonyeza wakati wa kufunga pini. Uvaaji wa kweli hula mahali pa kidole. Anayezeesha kwa msasa hula kila mahali sawasawa.

Picha niliiacha mwisho. Nyuma imeandikwa 1936, na iliokoka kwa sababu ilikuwa kwa yule shangazi Lauenburg. Babu amesimama mbele ya duka, suti nyeusi, msalaba kifuani kushoto. Nikaiweka chini ya lenzi kubwa. Msalaba wa kopo ni bapa kama sahani. Wa kwenye picha umeshika mwanga kwenye kitovu na kingo zake zimeingia kivulini, kama kitu kilichobinuka. Misalaba iliyobinuka ilikuwa kazi ya masonara, ya kununua, na mingi ilifungwa kwa skrubu na kisahani kikubwa nyuma ya kitambaa. Nilishuku kwamba naangalia msalaba mwingine kabisa, lakini picha ya ukubwa wa kiganja si ya kuapia. Sikuiweka kwenye barua.

Barua niliyoandika ilikuwa na mistari michache. Msalaba wa Chuma 1914, daraja la kwanza, kiini cha chuma kilichogongwa, fremu ya aina ya 1939, alama L/16 ya Steinhauer & Lück, Lüdenscheid, kwa mauzo ya dukani. Umetengenezwa kati ya 1941 na 1945. Kwa kuzingatia hati na historia ya familia, inaelekea zaidi ulinunuliwa baada ya Julai 1943. Ni kipande cha pili cha mwenye haki, si ghushi. Haukuwahi kufika Afrika Mashariki.

Shemeji hakufurahi. Alipiga simu, akaniuliza kama naweza kuondoa sentensi ya mwisho. Nikamwambia sentensi ya mwisho ndiyo aliyoilipia shemeji yake. Mnunuzi naye, alipotumiwa barua, alirudi kwenye bei yake ya kwanza, na hamu ikaisha pande zote mbili. Kopo likabaki Bergedorf.

Wiki mbili baadaye dada alinipigia akiwa kwa mama mkwe wake, ameweka simu kwenye spika, anataka nimweleze bibi mwenyewe kwa Kijerumani kwa sababu yeye anaogopa kumvunja moyo. Nikaanza kwa mbali, kwa moto wa Hammerbrook, nikielekea taratibu kwenye alama ya nyuma. Bibi akanikatiza.

"Huo wa pini? Najua kwamba huo ni wa baadaye. Ule wa kwanza ulikuwa na skrubu. Baba alikuwa ananipakata, namzungushia kile kisahani nyuma ya koti, mama ananigombeza nitakipoteza."

Dada akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii, watu wanabishana mpaka kupelekana kwa fundi.

"Hakuna aliyeniuliza hilo," bibi akasema. "Waliniuliza kama msalaba huu ni wa Baba. Nikawaambia, ndiyo, ni wa Baba."